Mama Fundi Anajibu: Gari Limebadilika, Mguu Bado Una Mazoea ya Zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Gari la zamani limefika mwisho, jingine limeingia nyumbani, na mtu aliyekuwa dereva hodari miaka nenda rudi anajikuta mgeni nyuma ya usukani. Nimekaa gerejini miaka 26, na mwaka jana na mimi nilibadilisha gari la familia. Mengi ninayoyajibu hapa nimeyapitia mwenyewe.

Shikamoo Mama Fundi. Gari letu la miaka 18 limepasuka silinda hedi na fundi wetu ametushauri tusilitie fedha tena. Nyumbani tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu (wa mwisho ana miaka miwili) na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua. Mke wangu anataka la siti saba. Mimi nimelipenda moja lenye skrini kubwa na kamera pande zote. Tutanunua lililotumika. Nianze kuangalia nini?
*Baba wa watatu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa gari, najua linavyouma kuagana na chombo kilichowalea watoto. Fundi wako kakwambia kweli, mshukuru.

Usiende kuliangalia peke yako. Nenda na mama. Mfungulie mlango, kisha usimwambie kitu, mtazame tu anavyoingia. Siti ikiwa chini, atajishusha kwa kuogopa na kutoka atahitaji mkono wa mtu. Ikiwa juu mno, atatafuta pa kushika ajivute. Siti inayomfaa ni ile ambayo anasogea kinyumenyume, anakaa kama anavyokaa kitini nyumbani, kisha anaingiza miguu. Jambo hilo hutaliona kwenye picha ya gari wala kwenye maelezo ya muuzaji, na ndilo mama atakaloishi nalo kila siku.

Kisha wewe mwenyewe panda siti ya nyuma kabisa, ile safu ya tatu, ukae dakika kumi. Kwenye magari mengi ya siti saba ile safu imetengenezwa kwa watoto. Nilipokuwa natafuta langu nilikaa humo, magoti yakapanda juu, kichwa kikagusa dari. Tazama kama siti hizo zina egemeo la kichwa linaloinuka, na umuulize muuzaji kama eabegi (mifuko ya hewa) za pembeni, zile za pazia zinazoshuka kutoka darini, zinafika hadi safu hiyo. Si kila gari zinafika. Halafu simamisha siti zote saba na ufunge buti. Mara nyingi nafasi inayobaki haitoshi hata mabegi mawili ya shule, na hapo ndipo mtu anagundua kwamba amenunua gari la watu saba wasiosafiri na kitu.

Kwa mtoto wa miaka miwili, ingiza vidole kwenye mkunjo wa siti ya nyuma, pale mgongo wa siti unapokutana na sehemu ya kukalia. Utagusa vyuma viwili vidogo imara. Hivyo ndivyo vishikio vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto bila kutegemea mkanda. Magari mengi yanavyo kwenye siti mbili za pembeni tu. Chukua kiti cha mtoto wako ukifunge palepale kabla ya kutoa fedha.

Sasa hiyo skrini. Nitasema wazi: ni kitu cha mwisho kuangalia. Vifaa vya kisasa mimi huvigawa mafungu mawili. Kuna vinavyokuokoa bila kukuuliza, na kuna vinavyokusaidia kwa masharti. Fungu la kwanza ni ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigome ukishika breki), eabegi, na ule mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, unaoitwa ESC au majina mengine kutegemea kampuni. ESC ilianza kuonekana kwenye Mercedes-Benz mwaka 1995. Inahisi gari linapoanza kwenda upande usiouelekeza usukani, kisha inakamata breki ya gurudumu moja peke yake kulirudisha. Mguu wa binadamu hauwezi kufanya hivyo hata akiwa bingwa, kwa sababu pedali yetu ni moja na magurudumu ni manne. Marekani iliifanya lazima kwa magari mepesi ya modeli ya 2012 kuendelea, na Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Gari lenye ESC na redio ya kawaida ni bora kwa watoto wako kuliko gari lenye skrini kubwa lisilo nayo.

Siku ya kulikagua, fika injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti ni la moto, mtu amekwisha liwasha kabla hujafika, na kuna sauti na moshi ambao hukupewa nafasi ya kuujua. Washa swichi bila kuwasha injini, ukodolee macho dashibodi. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka kisha kuzima baada ya sekunde chache. Watu wengi huhofia taa inayobaki inawaka. Mimi nahofia zaidi ile isiyowaka kabisa. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari la mteja nikakuta taa ya eabegi imebandikwa gundi nyeusi kwa nyuma. Usukani ulikuwa mtupu: eabegi ilikwisha lipuka katika ajali fulani, na mtu akarudishia kifuniko tu. Mteja alikuwa amembeba mkewe na watoto humo miezi minane.

Ukimleta fundi apime kwa kompyuta, asiishie kusoma hitilafu. Hitilafu zinafutika kwa dakika moja nje ya geti. Aangalie kama vipimo vya ndani vya injini vimekamilika. Zikifutwa hitilafu, vipimo hivyo huanza upya na vinahitaji gari liendeshwe kwa muda ndipo vikamilike. Akikuta vingi havijakamilika, aidha betri ilichomolewa karibuni au kuna mtu kafuta kitu. Muulize muuzaji, na urudi siku nyingine.

Mwisho kwa hili, chukua namba ya chasisi ukaitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama liliitwa kurudi kutengenezwa. Usilipuuze. Eabegi za kampuni ya Takata peke yake zilirudisha makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi duniani, kwa sababu kifaa chake cha kujaza hewa kingeweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kama gari lenu limo kwenye orodha na halijarekebishwa, hilo ni la kwanza kufanywa.

Mama Fundi, nimeendesha gari la klachi tangu ujana. Hili jipya ni otomatiki. Juzi nikikaribia taa nilikanyaga klachi kama kawaida, gari likasimama kwa kishindo hadi mtoto akalia. Jana tena mtu alikatiza mbele, nikashika breki kwa nguvu, pedali ikatetemeka na kugonga mguuni kama inavunjika. Nikaiachia. Namshukuru Mungu yule mtu aliwahi kupita. Je, breki ni mbovu?
*Dereva wa klachi*

Ndugu yangu, breki zako ni nzima, na nashukuru sana umeandika kabla jambo baya halijatokea. Mambo yako mawili yana chanzo kimoja: mguu unakumbuka gari la zamani.

La kwanza. Pedali ya breki ya otomatiki mara nyingi ni pana, na mguu wako wa kushoto uliozoea kusukuma klachi mpaka chini unakutana na ukingo wake. Klachi hukanyagwa kwa nguvu moja mpaka mwisho, breki hukanyagwa kwa vipimo. Ndiyo sababu gari lilisimama kwa kishindo. Kando ya pedali, upande wa kushoto, kuna mahali pa kuegemeza mguu. Kwa wiki mbili, kila unapokaa, kabla ya kufunga mkanda, weka kisigino cha kushoto pale na ujiambie kwa sauti kwamba mguu huo umepumzishwa. Mume wangu alifanya hivyo, na siku ya tano akaacha kujikumbusha.

La pili ndilo zito. Ule mtetemo ni ABS inafanya kazi. Ukishika breki kwa nguvu, gurudumu linataka kugoma kabisa, na gurudumu lililogoma linaburuzika, halifuati usukani. ABS inalegeza na kukamata mara nyingi kwa sekunde moja ili tairi liendelee kuzunguka, nawe uweze kukwepa. Unachokisikia mguuni ni hayo mapigo. Sisi wa zamani tulifundishwa kupampu breki, kukanyaga na kuachia. Kwenye gari lenye ABS ukiachia mguu umeuondoa msaada wakati ule ule unaouhitaji. Kanyaga mpaka chini, shikilia, na elekeza usukani pale penye nafasi.

Maneno hayatoshi kwa hili, mwili lazima ujue. Tafuta uwanja mtupu usio na watu wala magari. Nenda mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kisha kanyaga kwa nguvu zako zote usiachie. Kijana wangu mkubwa nilimpeleka uwanjani hivyo. Mara ya kwanza aliachia, na mara ya pili aliachia. Mara ya tatu alishikilia mpaka gari likasimama, akakaa kimya amekamata usukani, halafu akasema, "Kumbe linataka nilikanyage." Tulirudia mara sita siku ile. Nawe fanya hivyo wiki hii, na mkeo kama anaendesha.

Mama, gari langu jipya halina tundu la ufunguo, ni kitufe tu. Siku ya pili ya sikukuu lilikataa kuwaka, likaandika kwamba ufunguo haupo, nao nimeushika mkononi. Nilikaa nje na wajukuu karibu saa nzima.
*Bibi wa wajukuu wanne*

Pole sana dada yangu, tena na wajukuu. Betri ndogo ya rimoti, yaani huo ufunguo wako, ilikuwa imekwisha. Gari halikuwa na ugonjwa wowote.

Kwenye magari mengi ya kitufe, rimoti ikikosa betri bado unaweza kuigusisha kwenye kitufe chenyewe, mguu ukiwa kwenye breki, na gari litaisoma. Mengine yana mahali maalumu pa kuiweka, na kitabu cha gari kinaonyesha. Na kama hata mlango umekataa, geuza rimoti utafute kidude kidogo cha kusukuma: ndani yake kuna ufunguo wa chuma. Tundu lake lipo kwenye mlango wa dereva, pengine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kwenye kitasa. Fanya zoezi hilo leo mchana ukiwa na utulivu. Betri ya rimoti ni ile bapa kama sarafu. Namba imeandikwa juu yake, nyingi ni CR2032. Nunua mbili, moja ikae kwenye mkoba.

Lakini kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kunyamaza. Zamani huwezi kuingia nyumbani na ufunguo mkononi injini ikiwa inawaka. Sasa inawezekana. Na kama ni haibridi, gari la mafuta na umeme, linaweza kuwa kimya kabisa huku bado limewashwa, kisha injini ikajiwasha yenyewe betri inaposhuka. Gari likiwa limeegeshwa kwenye banda lililoungana na nyumba, moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Usitoke kitini mpaka umeiona dashibodi imezima yote. Sikio lisikutoshe, tumia macho.

Fundi wangu wa siku zote amebadilisha pedi za nyuma, na tangu siku hiyo hendibreki ya kitufe inalia na kuwasha taa. Anasema gari lilikuja na ubovu wake.
*Mwenye kitufe*

Simlaumu fundi wako, lakini nadhani najua kilichotokea. Kwenye hendibreki ya umeme kuna mota ndogo juu ya kalipa ya nyuma (kile kinachobana pedi), inayoisukuma pistoni. Kwa kalipa za kawaida tumezoea kuirudisha pistoni ndani kwa kuibana kwa nguvu. Hizi hazitaki. Lazima kwanza gari liwekwe katika hali ya matengenezo, kwa kompyuta au kwa utaratibu ulio kwenye kitabu, ili mota ijirudishe nyuma yenyewe. Ukibana bila hivyo, unaweza kuvunja gia za ndani ya mota. Lipeleke gari kwa anayeweza kuipima, na usiendelee kuegesha mlimani ukiitegemea. Weka gia ya P na kigingi nyuma ya gurudumu mpaka itengenezwe.

Na mengine mawili kwa wote wenye kitufe hicho. Betri kubwa ikifa hendibreki imefungwa, haitafunguka mpaka upate umeme, kwa hiyo waya za kuchangia betri zikae kwenye gari. Na kama breki ya mguu ikikusaliti ukiwa mwendoni, magari mengi yatapunguza mwendo ukivuta kitufe hicho na kukishikilia, yakiacha ukikiachia. Mpe habari hiyo na anayekaa siti ya mbele, maana mkono wake unakifikia.

Mama Fundi, usukani wa gari letu unanivuta ninapotaka kuhama njia, na mara moja gari lilishika breki lenyewe. Mume wangu amechoka na milio, amezima vyote. Nani kati yetu yuko sahihi?
*Mke wa aliyezima*

Niulize kwanza swali moja: mnapohama njia, mnawasha indiketa? Mfumo wa kushikilia njia hutazama mistari ya barabara kwa kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Ukivuka mstari bila indiketa, unadhani umesinzia na unakurudisha. Ukiwasha indiketa, unakuachia. Nimekuta madereva wengi wanaolaumu usukani kumbe waliacha kutumia indiketa miaka mingi iliyopita. Jaribuni hivyo wiki moja.

Kwa mengine, hili ndilo lile fungu la pili nililomwambia baba wa watatu, vinavyosaidia kwa masharti. Mistari ikifutika, kamera haioni. Tope likiganda mbele ya sensa ya bampa, haipimi. Kile kifaa cha kushika mwendo na umbali chenyewe, kwenye magari mengi, kinaweza kushindwa kulitambua gari lililosimama kabisa mbele yako ukiwa kwenye mwendo mkubwa, na kitabu chenyewe kinaonya hivyo. Mikono ibaki kwenye usukani.

Lakini breki ya dharura, ile iliyoshika yenyewe, mwambie mumeo aiwashe leo. Inaweza kukosea mara moja moja, hilo nakubali, na inaudhi. Siku itakayopatia, itakuwa ni sekunde ile mmoja wenu amegeuka kumtazama mtoto nyuma. Mlio wa kuvuka mistari mwacheni auzime kama unamchosha, hilo siwezi kugombana naye. Na mkibadilisha kioo cha mbele kwa sababu yoyote, ulizeni kabla ya kulipa kama kamera itapimwa upya. Kamera iliyopinda kidogo tu inaangalia mahali pasipo penyewe.

Injini inazima kila ninaposimama kwenye taa, halafu inawaka nikiachia breki. Sasa imeacha kufanya hivyo. Ni ubovu?
*Msomaji wa siku nyingi*

Kuzima ni kawaida, limetengenezwa hivyo ili kuokoa mafuta, na kuna kitufe cha kuondoa, chenye herufi A ndani ya mshale wa mviringo. Kuacha kufanya hivyo mara nyingi ni dalili ya betri kuchoka: gari halithubutu kuzima kama halina hakika litawaka. Ukiibadilisha, weka ya aina ileile, AGM au EFB, kama ilivyoandikwa kwenye ile ya zamani. Ya kawaida itakufa mapema kwa kuwasha injini mara nyingi hivyo. Magari mengine yanataka pia kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya. Na ukiona siku moja taa tano za onyo zimewaka kwa pamoja, pima betri kabla hujaruhusu mtu akuuzie sensa tano.

Taa ya manjano yenye alama kama kiatu cha farasi na mshangao ndani imewaka. Matairi nikiyatazama yako sawa. Pia nimegundua gari halina spea!
*Mama mwenye safari*

Hiyo ni taa ya upepo, na jicho haliwezi kulipima tairi la sasa, mbavu zake ni ngumu, linasimama vizuri hata likiwa limepungukiwa. Kwa kanuni ya Marekani, kwa mfano, taa hiyo inatakiwa iwake upepo unaposhuka asilimia 25 chini ya kiwango. Kwa hiyo ikiwaka usisubiri kesho. Kiwango kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima matairi yakiwa ya baridi. Ukijaza yote sawa na taa ikarudi baada ya siku chache, kuna msumari mahali fulani.

Tazama pia umri wa matairi yenyewe. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mitumba linaweza kuwa na matairi yenye meno mazuri na mpira uliozeeka.

Kuhusu spea, magari mengi siku hizi yanakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme badala yake. Gundi hiyo inaziba tundu dogo la msumari pale tairi linapokanyaga chini. Ubavu ukichanika haisaidii kitu, na chupa ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama shimo la buti linatosha tairi, tafuta spea inayolingana na gari lako, pamoja na jeki na spana yake, kabla ya hiyo safari. Kesho kukipambazuka inua zulia la buti, usome tarehe kwenye ile chupa, na upime kwa futi upana na kina cha hilo shimo.